Kibanio Chekundu

Baba alikufa Jumanne asubuhi, amesimama kwenye meza yake ya useremala, randa mkononi. Mimi nilipewa habari hiyo siku ya kumi na nane, Ijumaa, saa nane mchana. Katikati hapo niliishi nyumba moja na watu watatu waliojua. Tulitumia sinki moja, bafu moja, jiko moja. Nilikula nao, na niliwatukana. Nataka kueleza mwenyewe jinsi nilivyowatukana, kabla mtu mwingine hajanielezea.

Nyumba yenyewe ilikuwa ghorofa ya pili, juu ya duka la fundi viatu. Nyundo yake ilianza asubuhi na mapema na harufu ya gundi yake ilipanda ngazi mpaka jikoni kwetu. Kwa kuwa mimi pia nilishinda na gundi, nililaumiwa kwa harufu zote mbili. Tulikuwa wanafunzi wanne, kila mmoja na nchi yake, na hakuna hata mmoja aliyezaliwa katika nchi ile tuliyokuwa tukisomea.

Mkubwa wetu alikuwa mama mmoja wa miaka karibu arobaini. Alikuwa ameshazalisha wanawake kwao kwa miaka mingi kabla ya kuja kutafuta cheti cha kumthibitisha kuwa anaweza kuzalisha. Tulimwita Mkunga. Wa pili alisomea mabomba ya maji, mtu mkimya, anayeosha kikombe chake dakika ileile kila asubuhi. Huyo tulimwita Saa. Wa tatu alikuwa Jirani. Nchi yake na yangu zimepakana, lugha yetu ni moja, hata matusi yetu ni mamoja. Alisomea upimaji wa ardhi, na alikuwa mtani wangu tangu siku ya kwanza tulipogombania ndoano ya kutundikia taulo. Na wale wengine tulizungumza lugha ya chuo, ila nao walikuwa wameshatuibia maneno: haya, basi, pole, na tusi moja ambalo Jirani aliwafundisha akawaambia ndiyo salamu ya asubuhi.

Ukutani jikoni kulikuwa na duara la kadibodi. Saa ndiye aliyelikata, kwa kadibodi yangu, bila ruhusa yangu. Aliligawa sehemu nne: jiko, bafu, ngazi na taka, mapumziko. Kila mtu alikuwa na kibanio cha nguo chenye rangi yake, kimebanwa ukingoni. Changu kilikuwa chekundu. Kila Jumapili baada ya chai Saa alisogeza vibanio hatua moja, na hakuna mwingine aliyeruhusiwa kuvigusa. Hivyo tu. Sheria ya nyumba nzima ilikuwa vibanio vinne.

Nikiri kwamba mimi sikuwa malaika wa usafi. Mara mbili niliziba sinki kwa unga wa plasta. Mara moja nilichemshia gundi kwenye sufuria ya Mkunga, ikaungua mpaka ikawa kama kofia ya chuma. Nilikuwa mwaka wa mwisho wa usanifu wa majengo, na kazi yangu ya kumalizia ilikuwa zahanati ya vyumba sita. Nilitakiwa kuichora, kisha kuijenga kwa kadibodi na mbao nyembamba, sentimita mbili kwa kila mita, kisha kuipeleka mbele ya jopo na kuitetea. Wenzangu darasani walichora milango kwa kalamu juu ya kuta. Mimi milango yangu kumi na mmoja niliikata mmoja mmoja, nikaipa fremu, nikaitilia bawaba za vitambaa vyembamba. Ilikuwa inafunguka.

Nilifanya hivyo kwa sababu ya baba, na wakati ule tulikuwa hatusemezani.

Ugomvi wetu ulikuwa mdogo kiasi cha aibu. Nilipiga simu nyumbani siku moja, wajomba wakiwepo, simu ikawekwa sauti ya juu. Baba akasema, "Haya, mchora nyumba huyo kwenye simu! Mwulizeni kama anajua kupiga randa ubao ukalala sawa." Wajomba wakacheka. Nikasikia vikombe vinatikisika mezani kwa kicheko.

"Unanicheka mbele za watu, baba?"

"Nani kakucheka? Kama siku hizi hutaniwi, sema tukuamkie."

"Usinipigie tena mpaka ujifunze kuomba radhi," nikamwambia. Nikakata.

Mzazi wangu. Nilimwambia hivyo mzazi wangu, wajomba wakisikia. Na yeye, aliyenirithisha kichwa hiki, hakupiga. Nikasema basi, tutaona nani atachoka kwanza. Zilipita siku thelathini na mbili hakuna aliyechoka. Mpango wangu ulikuwa kupita mtihani, kupiga picha milango kumi na mmoja, kumtumia bila neno hata moja, na kungoja simu ilie. Hicho tu ndicho nilichokuwa nakitaka duniani: simu ilie, na awe yeye.

Yaliyotokea Jumanne ile nilielezwa baadaye na Jirani. Nilimlazimisha, neno kwa neno.

Dada yangu mkubwa alikuwa na namba yake kwa sababu simu yangu iliwahi kuharibika nikaazima yake. Akampigia.

"Mdogo wangu yuko karibu?"

"Yuko chuoni, dada. Kuna nini?"

"Baba ametutoka." Akalia, akajifuta, akaendelea. "Nisikilize, kaka yangu, nakushika miguu. Usimwambie. Imebaki siku kumi na saba awasilishe kazi yake. Akijua leo ataacha kila kitu, na akishaacha harudi huko tena. Namjua, kichwa chake ni cha marehemu. Tunazika kesho. Hata akiondoka sasa hivi hatuwahi."

Jirani akaahidi. Kisha akaingia jikoni akawaambia wenzake, kwa sababu, alisema, kubeba jambo lile peke yake katika nyumba yenye bafu moja kusingewezekana.

"Hapana," Mkunga akasema. "Kwetu mtu anaambiwa siku ileile. Nimewaambia watu habari mbaya nusu ya maisha yangu, nimesimama mlangoni, aproni haijafuliwa. Siku nzuri ya kungojea haipo."

Saa akasema, "Kaka zangu walinificha kifo cha bibi yangu mwaka mzima. Nilipojua nilikuwa nimeshamtumia kadi mbili."

"Kwa hiyo unasemaje?" Mkunga akamuuliza. "Aambiwe au asiambiwe?"

"Nasema sijui."

"Mimi nimeshamwahidi dada yake," Jirani akasema. "Nimpigie nimwambie nini? Kwamba tumepiga kura?"

Mkunga akaleta sharti lake. "Sawa. Lakini sitamtazama mfiwa akipiga magoti kusugua bafu, eti kwa sababu hajui kuwa ni mfiwa. Mtoeni kwenye hilo duara."

Saa akakichomoa kibanio chekundu akakitia kwenye droo ya vijiko. Na hapo ndipo walipokosea. Mtu mwingine angeondolewa zamu ya kusugua bafu angeshukuru akalala. Walikuwa wameishi nami miaka miwili, walipaswa kujua wanaishi na nani.

Jumatano asubuhi, saa ambayo kwetu walikuwa wakimteremsha baba kaburini, mimi nilikuwa nimesimama mbele ya duara la kadibodi nikihesabu vibanio. Vitatu.

"Changu kiko wapi?"

"Kimekwenda likizo," Jirani akasema bila kuinua macho kwenye chai. "Shukuru, bwana mkubwa. Wenzako tunasugua, wewe unachora."

"Nani kaamua?"

"Sote," Mkunga akasema. "Una kazi nyingi."

"Wiki iliyopita pia nilikuwa na kazi nyingi, na ulinifokea kwa ajili ya sufuria mpaka fundi viatu akapanda kuuliza kama kuna mtu anauawa."

"Ile ilikuwa wiki iliyopita."

"Na wiki hii kuna nini?"

Saa aliosha kikombe ambacho kilikuwa kisafi.

"Semeni tu," nikasema. "Semeni mimi mchafu. Semeni mmekaa kikao mmeona bora msafishe wenyewe kuliko kusafishiwa na mimi. Msinipe dharau mkaiita huruma."

Nilifungua droo moja baada ya nyingine mpaka nikakipata kibanio katikati ya vijiko. Nikakibana penye bafu kwa nguvu mpaka kadibodi ikapasuka kidogo. Baadaye Saa alikirudisha drooni, na pale palipopasuka akapabandika utepe, kwa uangalifu wake, bila neno.

Vita vikaanza. Alhamisi niliamka alfajiri nikasugue bafu, nikalikuta linang'aa, sakafu bado mbichi. Ijumaa niliamka mapema zaidi, nikamkuta Jirani amepiga magoti ndani, suruali imekunjwa, brashi mkononi.

"Toka," nikamwambia.

"Nimeshaanza, ndugu yangu. Rudi kalale."

"Hii ni zamu yangu!"

"Haya, twende wote. Wewe shika upande wa bomba."

"Sishiki upande. Nataka lote."

Tukavutana brashi pale kama watoto, hata mpini ukakatika. Mkunga akatokea na kilemba chake cha kulalia, akatutazama, akanitazama mimi zaidi, akasema kwa Kiswahili chake cha kuibia, "Pole." Nikadhani ananicheka. Nilimjibu kwa ile salamu ya asubuhi ya Jirani, nikijua vizuri maana yake.

Kisha ukaja ule mchezo wa sahani. Kila niliporudi chuoni nilikuta chakula kimefunikwa mezani, sehemu yangu, wakati tulikuwa na desturi ya kila mtu kujipikia. Siku tatu nilikipita. Ya nne Mkunga alinisubiri.

"Kula. Umekonda."

"Nimekuomba?"

"Hujaniomba."

Nikachukua sahani ile nikafungua pipa la taka kwa mguu, nikamimina chote mbele yake, nikaiosha sahani, nikaikausha, nikamkabidhi. "Kwetu," nikamwambia, "baba yangu ni mtu mkali, lakini hajawahi kunilisha ili kunionyesha kuwa mimi si kitu." Akaanza kulia. Mwanamke aliyekaa na wanawake wenye uchungu usiku na mchana bila kutikisika, alilia kwa ajili ya sahani. Nikamwambia, "Hata kuigiza unajua." Nilikwenda chumbani kwangu nimeshiba ushindi.

Chumba changu kilikuwa na kitanda, meza na zahanati. Niliketi kukata mlango wa kumi na mmoja, ule wa chumba cha kujifungulia. Sijui kwa nini mlango ule ndio ulionilegeza. Labda kwa sababu ulikuwa wa mwisho.

Baba alinifundisha kupima kwa njia yake. Alinishikisha upande mmoja wa utepe, yeye akashika mwingine, na mimi ndiye niliyesoma namba kwa sauti. Hakuikagua. Nikisoma vibaya alikata vibaya vilevile nilivyosoma, bila neno, na ubao ulioharibika aliuweka chini ya kitanda changu. Haukutupwa wala haukuchomwa. Nililala juu ya makosa yangu. Siku niliyoondoka kwenda kusoma kulikuwa na mbao saba pale chini, na baba akasema, "Hizi nitakutunzia." Nilikasirika. Katika maisha yangu sijui kama kuna siku niliyomwacha mzee yule bila kukasirika.

Nikaweka kisu chini. Ilikuwa Ijumaa, siku ya kumi na moja. Nikapiga simu ya baba. Haikupatikana. Nikapiga tena. Nikampigia dada.

"Baba yuko wapi?"

"Baba?" akasema. "Amepata kazi ya milango. Shule moja, mbali huko. Mtandao hakuna."

"Atarudi lini?"

"Kazi kubwa, mdogo wangu. Sijui."

"Basi akirudi mwambie nimempigia mimi kwanza. Umesikia? Mimi ndiye niliyevunja. Mwambie hivyo hivyo, mbele ya wajomba wakiwepo."

"Nitamwambia."

"Na mwambie anipigie yeye sasa, maana mimi sipigi mara mbili."

Nikaitazama simu, bado imeunganishwa.

"Dada?"

"Nipo. Nakata vitunguu."

Nikacheka. Nilitoka chumbani mwepesi, nikaingia jikoni ambako wote watatu walikuwepo, na kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi niliwasemesha vizuri. "Nimempigia baba," nikasema. "Nimeshindwa, nimepiga mimi. Lakini mzee ana kazi ya shule nzima, milango tu, na umri wake ule! Mwacheni arudi, mtamsikia akicheka mpaka huku."

Saa aliweka kikombe chake mezani, hakukiosha. Mkunga akatoka kwenda ngazini. Jirani akaendelea kunitazama, mdomo umefunguka kidogo, kama mtu anayeona gari linakuja na hana la kufanya.

Nikasubiri hata mmoja aseme vizuri, au hongera, au chochote.

"Hata furaha ya mtu inawachoma," nikasema. Na kwa kuwa aliyebaki karibu ni Jirani, nikamgeukia yeye. "Wale wawili sishangai. Lakini wewe? Mtu wa kwetu? Au ndiyo hivyo, wewe baba yako alikufa hujaota hata ndevu, utajuaje mtu anavyojisikia akipatana na mzazi wake."

Baba yake alifariki yeye akiwa na miaka tisa. Aliniambia mwenyewe, mwaka wa kwanza, siku nilipoumwa naye akakaa na mimi. Nililichukua jambo alilonikabidhi nikalitumia kumpiga.

"Sawa," akasema Jirani. Akaingia bafuni akafungua maji, na maji yakatiririka muda mrefu.

Wiki iliyobaki hatukusemezana. Duara lilikaa na vibanio vitatu, nami nikaacha kupigania cha nne.

Ijumaa ya kuwasilisha, nilifungua mlango wa chumba changu nikawakuta watatu wamesimama kwenye ujia, wamevaa viatu. Zahanati ilikuwa imejengwa juu ya ubao mpana kuliko mikono ya mtu mmoja, na ngazi zetu zilikuwa na kona mbili. Nilikuwa sijafikiria nitaitoaje. Sikuwaomba. Jirani alishika kona, Mkunga akashika kona, Saa akashika ya mbele akasema, "Taratibu. Mguu wa kushoto kwanza." Tukateremka hivyo, watu wanne, kila mmoja na kona yake, tumebeba kimya. Tulipopita dukani, fundi viatu alisimamisha nyundo mpaka tukamaliza kupita. Barabarani magari yalitupisha. Sikuona kitu. Nilikuwa naangalia milango isifunguke kwa upepo.

Jopo lilikuwa na watu watatu. Mwalimu mzee, miwani juu ya paji la uso, aliinama akafungua mlango mmoja kwa ncha ya penseli, akaufunga, akafungua mwingine.

"Hatukukuagiza milango inayofunguka."

"Baba yangu ni seremala," nikasema. "Mlango usiofunguka hauhesabiwi."

"Atafurahi akiuona huu."

"Atasema fremu imepinda."

Wakacheka wote watatu, kicheko kizuri, na mara hii sikukasirika. Saa saba wakaniambia nimepita. Nilipiga picha milango yote kumi na mmoja, nikachagua iliyo bora, nikaiweka tayari kwenye simu. Nikaenda nyumbani kwa miguu ili niipange vizuri kichwani ile saa atakapopiga.

Walikuwa wamekaa jikoni. Meza ilikuwa tupu, imefutwa, na katikati yake kulikuwa na simu ya Jirani.

"Nimepita," nikasema, mkali kidogo, kama mtu anayewaonyesha.

"Tumefurahi," Mkunga akasema. "Kaa."

"Nitasimama."

Akasimama na yeye. Alikuja mpaka mbele yangu, akanishika viganja viwili kama anavyoshika watu kazini kwake, akasema kwa Kiswahili, polepole, kila neno likitoka na lafudhi ya kwao: "Mwanangu, baba yako amefariki."

Alikuwa amemwomba Jirani amfundishe sentensi hiyo. Aliifanyia mazoezi kwa siku kumi na saba.

"Lini?" nikauliza. Nilimuuliza Jirani.

"Jumanne."

"Hii?"

"Ile ya kwanza." Akatazama ukutani. "Kabla ya kibanio."

Nikatazama duara, lile pengo, na utepe wa Saa juu ya mpasuko. Yote yakanirudia kinyumenyume: sahani, brashi, pole, maji ya bafuni. Jumatano. Nilikuwa nimefungua droo zote nikipiga kelele kuhusu kibanio, na saa ileile watu walikuwa wakimfukia baba yangu.

Simu ya Jirani ikalia. Dada.

"Mdogo wangu."

"Ulisema unakata vitunguu."

"Nisamehe."

"Alisema nini? Kuhusu mimi. Kabla."

"Alikuwa anasema mara nyingi tu kwamba wewe..."

"Dada, usinidanganye tena. Siku hiyo, au wiki ile, aliniulizia? Alisema atanipigia?"

Nikamsikia akivuta pumzi. "Hakusema kitu," akasema. "Alikunywa chai, akaenda kwenye meza yake. Alikuwa anapiga randa. Hakusema kitu, mdogo wangu."

Nilimshukuru. Kweli nilimshukuru, kwa sababu hilo ndilo lililokuwa langu. Kama angenipa neno tamu ningelazimika kulitilia shaka maisha yangu yote.

"Kuna moja," dada akasema. "Mafundi wenzake walipokuwa wanaandaa jeneza, mbao zilipungua. Duka lilikuwa limefungwa. Wakachukua zile za chini ya kitanda chako."

"Zote saba?"

"Zote saba."

"Zilitosha?"

"Zilitosha."

Nikaweka simu mezani. Nilikuwa bado nimesimama. Nikamrukia Jirani kwa maneno, sikuwa na pengine pa kuyapeleka. "Ningekuwa mimi ningekwambia! Siku ileile ningekwambia! Mliniacha nimpigie mtu aliyekufa. Mlinisikiliza nikijisifu!"

"Najua."

"Usiseme unajua!"

"Basi sijui."

"Na nilisema vile kuhusu baba yako."

"Ulisema."

"Mbona hukunipiga?"

"Nilitaka sana," Jirani akasema. "Nikaona meno yako yatahitajika kwenye jopo."

Hapo nilikaa sakafuni, mgongo kwenye friji, na Mkunga akakaa sakafuni pia, mbali kidogo, asinishike. Alikuwa ameshajifunza. Dirishani kwa chini nyundo ya fundi viatu iligonga, ikaacha, ikagonga. Picha ya milango ilikuwa bado wazi kwenye simu yangu, tayari kutumwa.

Baada ya muda ambao siwezi kuupima, Saa aliinuka. Akafungua droo ya vijiko. Akachukua kibanio chekundu, akakifuta kwa shati lake, akaenda kwenye duara, akakibana penye bafu.

"Leo Ijumaa," nikasema. "Vibanio vinasogezwa Jumapili."

"Ninajua siku," Saa akasema.

Mkunga alitaka kusema kitu, mfiwa hafanyi kazi, nilikiona kinamjia mdomoni. Akakimeza.

Nikainuka, nikakunja suruali. Nikachukua sabuni ya unga, ndoo, na ile brashi iliyokatika mpini. Nikaingia bafuni, nikapiga magoti, nikaanza kwenye bomba. Nilisugua kingo, nikasugua mifereji kati ya vigae, nikasugua nyuma ya choo ambako hakuna aliyewahi kusugua tangu tuingie nyumba ile. Mlango niliuacha wazi. Wenzangu walikuja wakaketi kwenye ujia, wote watatu, migongo ukutani, miguu imenyooshwa. Hawakunisaidia. Nilikuwa nalia kwa sauti, kamasi zikichanganyika na povu, na hawakugeuza nyuso zao pembeni.

"Umeruka kona," Jirani akasema mwishowe. "Pale, chini ya sinki."

"Nyamaza."

"Nakuonyesha tu, mchora nyumba. Uvivu huo."

Ilikuwa sauti ileile. Si ya baba, la, lakini ni utani uleule, wa kunicheka nikiwa nimeinama juu ya kazi yangu. Nikangoja hasira ije kama inavyokuja siku zote. Haikuja. Nikarudi nyuma kwa magoti, nikaingiza brashi chini ya sinki, nikasugua ile kona.